Faini, Zamu au Kifuniko cha Pipa: Kanuni Ipi ya Kulisha Wanyama Itaufaa Mtaa Wako?

Mkutano wa wapangaji wa ploti yetu hapa Diani, pwani ya Kenya, ulikuwa na ajenda tatu. Maji na taa za geti tulizimaliza kwa dakika kumi, na saa mbili zilizobaki zikaenda kwa tumbili. Mmoja alikuwa ameingia jikoni kwa jirani kupitia dirisha la choo, akabeba mkate mzima na kuacha alama za vidole kwenye bakuli la unga. Mwingine alimkwaruza mtoto aliyetoka dukani na mandazi mkononi. Bi mkubwa wa nyumba ya mwisho, ambaye kila alasiri huwarushia maganda ya ndizi na vipande vya muhogo, alisema viumbe hawa walikuwepo hapa kabla yetu na kuwanyima ni ubakhili. Kijana wa ghorofani akataka faini ya shilingi elfu tano kwa kila anayelisha. Mwenyekiti alipoona sauti zinapanda akanigeukia: "Wewe unayependa kuandika, tutafutie wenzetu wanafanyaje kwingine, tuchague moja."

Haya ndiyo niliyoyarudisha kwenye kamati, nikiyaongezea machache kwa msomaji ambaye mtaa wake si Diani. Njia ni nne na kila moja ina mji unaoitumia kweli. Nitasema pia ninayoipenda, kwa sababu mlinganishaji asiyechagua huwaachia wenzake mkutano mwingine wa saa mbili.

Kwanza hesabu wageni wako

Neno "wanyama" ni pana mno kwa kanuni ya mtaa. Hapa kwetu peke yake kuna wanne wa ukoo mmoja: tumbili mwenye uso mweusi, kima, nyani, na mbega ambaye Wadigo humwita kuluzu. Shirika linalowatetea mbega hapa Diani lilipoanzishwa mwaka 1997 lilichukua jina hilohilo, Wakuluzu. Mbega hula majani. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, kazi yake kuchachusha majani, na mkate au biskuti humdhuru. Hutamkuta akipekua sufuria yako. Kinachomuua ni magari na nyaya za umeme, ndiyo sababu ya yale madaraja mfano wa ngazi yaliyotundikwa juu ya barabara ya pwani. Ukimpa mbega chakula cha watu hujamfanyia hisani yoyote.

Watatu waliobaki hula karibu kila kitu, na wana akili ya kukumbuka. Tumbili aliyepewa ndizi na mtu mmoja haoni tofauti kati ya mtu huyo na mtoto anayepita na mfuko. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 nilidhani watachanganyikiwa na hii ya kitambaa. Hawakuchanganyikiwa hata kidogo.

Halafu kuna ndege. Kurabu, yule kunguru mwenye shingo ya kijivu, ni somo tosha kuhusu kulisha. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Takataka hazikuisha, kurabu wakazaana, wakavuka hadi bara, wakafika Mombasa, na sasa wanakula mayai na makinda ya ndege wengine na kuwatia hasara wafugaji wa kuku. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kurabu milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Angalia mzunguko wenyewe: tulimwalika aje kula, miaka mia na thelathini baadaye tunanunua sumu. Na mezani hakulishwa na mtu kwa mkono. Alilishwa na jaa.

Njiwa, paka wa mitaani na korongo marabu wa Nairobi na Kampala nao wana mashabiki na maadui wao. Nitawagusa pale wanapohusika.

Njia ya faini: Singapore na Hong Kong

Singapore ndiyo yenye kanuni fupi kuliko zote. Tangu Juni 2020, sheria yao ya wanyamapori inakataza kumlisha mnyama wa porini bila idhini, popote, hata kwenye baraza ya nyumba yako. Kosa la kwanza ni faini ya hadi dola 5,000 za Singapore, na ukirudia ni hadi 10,000. Njiwa wa mitaani wamo. Kima wenye mikia mirefu wamo. Nguruwe mwitu wamo.

Hong Kong inafundisha zaidi, kwa sababu wao walianza kidogo wakaongeza kadiri walivyoshindwa. Mwaka 1999 walipiga marufuku kulisha katika hifadhi chache tu, ikiwemo Kam Shan, mlima ambao watu wa huko huuita Mlima wa Kima. Watu walizoea kupanda na mifuko ya karanga na mikate siku za mapumziko, na kima walishaacha kutafuta chakula msituni. Marufuku peke yake haikupunguza idadi yao, kwa hiyo serikali ikaanza kuwafunga uzazi. Tarehe 31 Desemba 2022 marufuku ikatandazwa eneo lote la Hong Kong. Tarehe 1 Agosti 2024 njiwa wa mitaani wakaingizwa, na adhabu ya juu ikapanda kutoka dola 10,000 za Hong Kong hadi 100,000 pamoja na kifungo cha mwaka mmoja.

Hiyo laki moja ndiyo iliyoandikwa magazetini. Mimi naona iliyo muhimu ni nyingine: siku hiyohiyo walianzisha faini ya papo kwa papo ya dola 5,000, anayoiandika afisa aliyekukuta, bila kwenda mahakamani. Adhabu kubwa inayohitaji kesi haimtishi mtu anayemwaga wali dirishani saa kumi na mbili asubuhi. Karatasi anayokabidhiwa palepale humtisha.

Na hapo ndipo njia hii inapokwama ikiletwa kwenye ploti. Singapore na Hong Kong zina maafisa wanaolipwa kuzunguka. Sisi tuna mlinzi mmoja wa geti, ambaye kila mwezi Bi mkubwa humpa chai na mahamri. Ataandika faini? Na akiiandika, nani atakwenda kuidai kwa mama wa umri ule, mbele ya wajukuu zake? Nimeshuhudia mtaa mmoja uliobandika kibao cha faini ya elfu kumi. Kibao kimepauka kwa jua na haijawahi kulipwa hata senti, na sasa watoto wanakitumia kama goli.

Kuna mahali pamoja tu ambapo naona faini inashika kwa urahisi: nyumba za wageni wa siku chache. Mgeni ameshaweka amana. Kanuni imo kwenye karatasi aliyosaini. Akipigwa picha anampa tumbili chipsi barazani, amana inapungua. Hakuna ujirani wa kulinda pale, keshokutwa anapanda ndege. Na kusema kweli, wageni ndio walishaji wakubwa, wanataka picha.

Njia ya zamu: Mumbai na Harar

Njia ya pili haikatazi. Inasema lisha, lakini hapa, saa hii, na mtu huyu.

Mumbai ina vituo vya kulishia njiwa vilivyojengwa na waumini kwa vizazi vingi, hasa Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, ambao kwao kumlisha kiumbe ni ibada. Julai 2025 serikali ya jimbo la Maharashtra iliagiza vituo 51 vifungwe. Madaktari walikuwa wamelalamikia maradhi ya mapafu yanayotokana na kinyesi na manyoya ya njiwa. Kile kikubwa cha Dadar kilifunikwa kwa turubai. Mwanzoni mwa Agosti waandamanaji wakalichana. Suala likafika Mahakama Kuu. Baadaye manispaa ikaja na suluhu ya kati: sehemu chache zilizotengwa mbali na msongamano, kwa saa chache za asubuhi tu.

Naileta habari hii kwa sababu kila mtaa wa pwani una Bi mkubwa wake. Kuna watu ambao kumpa kiumbe tonge ni sadaka, na ukiwaambia "marufuku" wanasikia unawazuia thawabu. Kanuni isiyowapa pa kuelekeza mkono huo itavunjwa kwa siri, na kulisha kwa siri ni kubaya zaidi: usiku, nyuma ya nyumba, makombo yakilala hadi asubuhi na panya wakifika kabla ya njiwa.

Harar, mji wa kale wa Kiislamu mashariki mwa Ethiopia, umefika mbali zaidi ya hapo. Wao wanalisha fisi. Ukuta wa mji una matundu ya chini ambayo fisi hupitia usiku kuingia kula mabaki mitaani, na nje ya ukuta, tangu miaka ya 1960, mzee Yusuf Mume Salih aliwalisha kila jioni kwa vipande vya nyama. Mwanawe Abbas akarithi kazi hiyo. Anawaita fisi kwa majina, wanakuja mmoja mmoja, na watalii wanalipa kuangalia nyama ikitoka kwenye kijiti hadi mdomoni mwa fisi. Ukimsimulia mtu wa Nairobi atadhani unamtania.

Kwa nini hawali watu? Jibu refu ni la wataalamu. La mtaani ni kwamba mlishaji anajulikana, mahali panajulikana, saa inajulikana, na mji mzima umekubaliana na jambo hilo kwa muda mrefu. Mtoto wa Harar hatembei na nyama mkononi akitumaini fisi atamwacha. Ukitoa sharti moja kati ya hayo manne, huna Harar tena. Una fisi tu.

Kwa njiwa na paka, njia ya zamu naiona nzuri na ya kiungwana. Kwa tumbili, nyani na kima, hapana. Njiwa akishiba anaruka. Tumbili akishiba anakaa ukutani kuangalia ulikoweka kilichobaki, na kesho haji saa ya zamu, anakuja saa yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hashiki jembe.

Njia ya pipa: Cape Town

Mitaa ya kusini ya Cape Town imepakana na milima yenye nyani, na dume la nyani wa kule linapita kilo 30. Kuwalisha ni kosa huko pia, lakini sheria hiyo siyo inayobeba mzigo. Mzigo umebebwa na vitu vya mkono: mapipa ya taka yenye kufuli ambayo nyani hawezi kufungua, askari wa nyani wanaotembea na makundi mchana kutwa kuyarudisha mlimani, na kwa mtaa wa Zwaanswyk, uzio wa umeme uliowekwa mahsusi kwa ajili yao. Makundi yasiyofika mapipani hubaki mlimani yakila mizizi na mbegu. Yanayofika mapipani hujifunza milango.

Na hapo pana jambo ambalo wapenzi wa kulisha hawaambiwi. Madume yaliyozoea kuvunja nyumba Cape Town yaliwahi kuuawa na mamlaka kwa utaratibu uliowekwa kabisa, mmoja mmoja, baada ya kuhesabiwa makosa. Mlishaji hakupata hata barua. Hisani ya ndizi ililipwa na nyani.

Niliijaribu njia hii nyumbani kabla ya kuipeleka kwenye kamati. Mapipa yetu ni yale ya plastiki yenye kifuniko cha kubonyeza. Tumbili wawili hukifungua wakisaidiana: mmoja anapanda juu anavuta, mwingine anasukuma pipa hadi liinamie. Nikakata tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaifunga kutoka mshikio mmoja hadi wa pili ikapita juu ya kifuniko. Gharama yake hakuna, fundi wa baiskeli alinipa bure. Siku tatu za mwanzo walikaa pale wakiivuta na kuitafuna, na mmoja akanitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona hata kwa mwenye nyumba. Siku ya nne waligusa wakaondoka. Wiki ya pili walikuwa wanapita juu ya ukuta bila kusimama.

Walikwenda wapi? Ploti ya jirani, ambako takataka huwekwa kwenye viroba nje ya geti tangu jana yake usiku ingawa gari la taka hupita saa mbili asubuhi. Jirani akaja kuniuliza nimefanya nini tumbili wote wamehamia kwake. Kwa hiyo nakuonya mapema: pipa la nyumba moja ni kuhamisha tatizo. Pipa la mtaa mzima, pamoja na saa ya kutoa taka, ndiyo kanuni.

Kulisha kunaanzia hapo, si kwenye mkono wa Bi mkubwa. Nilihesabu kwa siku saba, kwa daftari, nikiwa nimekaa barazani kama mpelelezi. Vipande vyake vya muhogo havijai hata ungo mmoja kwa siku. Kinachotoka kwenye mapipa ya nyumba zote pamoja na banda la chipsi la kona hujaza mkokoteni. Tulikuwa tumekaa saa mbili kumjadili mwenye ungo.

Njia ya mlinzi na maelezo

Hii ndiyo inayotumika zaidi hapa kwetu na nitaipita haraka. Hoteli nyingi za Diani zina mtu wa kufukuza kima wakati wa kifungua kinywa, mara nyingi akiwa na panda ya mpira mkononi, na vibao vinavyomwomba mgeni asilishe. Msitu wa Karura jijini Nairobi nao huwaambia wageni wasiwape kima chakula. Inafanya kazi pale ambapo mlinzi amesimama. Kima humjua kwa uso na sare. Akienda kula mchana, nao wanakuja kula mchana. Kwa hoteli yenye mishahara ya kulipa, sawa. Kwa ploti, utakuwa umeajiri mtu wa kuangaliana na tumbili.

Kibao kina faida yake kikieleza sababu badala ya kutisha. "Mbega hula majani, mkate humuua" kimewazuia wageni wengi kuliko "MARUFUKU" kwa wino mwekundu, nionavyo mimi.

Kwa anayetaka kuziona zote kwa jicho moja:

| | Faini | Zamu | Pipa | Mlinzi |
|---|---|---|---|---|
| Inawafaa | wageni wa siku chache, bustani za umma | njiwa, paka | tumbili, nyani, kima, kurabu, panya | hoteli, shule saa ya chakula |
| Haiwafai | majirani wanaojuana | wote wa ukoo wa nyani | mtu anayelisha kwa mkono makusudi | ploti isiyo na pesa |
| Anayeisimamia | afisa mwenye kitabu cha risiti | mlishaji mwenyewe | kila nyumba | aliyeajiriwa |
| Gharama ya kuanza | kibao tu | ugomvi wa kuchagua mahali | kufuli au tyubu, na saa ya gari la taka | mshahara |
| Huvunjika | faini ya kwanza isipolipwa | wakija wasioalikwa | jirani asipofunga | akienda kula |

Nani ana mamlaka ya kuandika kanuni hiyo?

Swali hili liliulizwa na yule kijana wa faini, na lilikuwa zuri kuliko pendekezo lake. Kenya, ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linasema hivyo. Jedwali hilohilo linazipa kaunti taka ngumu, majaa na kero za umma. Maana yake kwa mtaa ni hii: kamati yenu haiwezi kujitungia sheria juu ya tumbili, lakini juu ya pipa, saa ya kutoa taka na makombo barazani, mna pa kusimamia, na kaunti ina pa kuwaunga mkono. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka pia taka za kuoza zitenganishwe na nyingine. Mkitenganisha, mnajua ni pipa lipi la kufunga.

Tanzania mambo yanafanana. Wanyamapori wako chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2009 na mamlaka zake za kitaifa, huku halmashauri za miji zikiwa na uwezo wa kutunga sheria ndogo za usafi. Serikali ya mtaa ikitaka kuanza mahali, ianzie kwenye usafi.

Mkataba wa upangaji nao ni kanuni, tena ya karibu kuliko zote. Mwenye nyumba akiweka sentensi moja kuhusu kifuniko cha pipa, haihitaji diwani.

Na tafadhali, sumu isiwemo kwenye orodha yenu. Kulikuwa na sauti moja iliyonong'ona kuhusu ndizi yenye dawa ya panya. Kumuua tumbili kiholela ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na sumu haichagui: itamfika mbwa, paka, na mtoto anayeokota. Mnyama akiwa mkali kupita kiasi, piga simu KWS. Akimkwaruza au kumng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Mama wa yule mtoto wa mandazi alipaka kitunguu saumu, akaenda hospitali siku ya tatu baada ya kelele zangu.

Basi chagua

Ukiwa unaishi kando ya msitu au kichaka, Diani, Nyali, Karen, Entebbe karibu na ile bustani ya mimea, anza na pipa na usiongeze kitu kwa miezi mitatu. Utashangaa ni kesi ngapi zinazobaki. Zikibaki za mkono, hapo ndipo utazungumza na mtu, si na mtaa.

Ukiwa mjini kati na shida yako ni njiwa au paka, tafuta mahali pa zamu mbali na madirisha na matangi ya maji, mpe mlishaji ufagio pamoja na ruhusa, na aondoe mabaki kabla ya jua kutua. Ufagio ndio sharti. Asiyekubali kufagia hana zamu.

Ukipangisha kwa wageni, tumia faini kupitia amana, na weka maelezo mafupi juu ya friji. Weka pia wavu kwenye dirisha la choo. Nakuambia kutokana na mkate wa jirani yangu.

Shule ni kesi ya peke yake. Watoto hula nje, wakikimbia, wakiacha nusu. Hapo mlinzi wa nusu saa ana thamani, au zamu ya wanafunzi wakubwa, na kula kukafanyika ndani ya chumba. Faini kwa mtoto wa darasa la pili sidhani kama kuna anayeitaka.

Jaa kubwa la mji halimo katika uwezo wa mtaa wowote. Kurabu na korongo watabaki wengi maadamu jaa liko wazi, hata mkifunga mapipa yote ya Mombasa. Lakini tumbili hasafiri kilomita saba kwenda jaani, anakula kwako.

Tulichopitisha

Kamati ilikutana tena Jumamosi iliyofuata. Nilisoma haya kwa kifupi, nikaonyesha tyubu. Iliyopitishwa ni hii, na imebandikwa getini kwa herufi za kawaida:

"Pipa lifungwe kwa mpira au kufuli wakati wote. Taka zitolewe asubuhi ya siku ya gari, si usiku. Mabaki ya chakula yasiachwe barazani wala kwenye ukuta. Wageni wasilishe mnyama yeyote, mwenyeji atawajibika. Anayetaka kulisha njiwa azungumze na katibu kuhusu mahali na saa."

Faini haimo. Kijana wa ghorofani alinuna, kisha akajitolea kwenda kwa fundi wa baiskeli kuomba tyubu kumi na mbili zaidi. Ploti ya jirani wameomba nakala. Mwenye banda la chipsi amesema atafikiria, na katika mtaa wetu hilo ni jibu lenye matumaini kiasi.

Bi mkubwa alikubali njiwa. Amepewa pembe ya nyuma karibu na mkungu, saa moja hadi saa mbili asubuhi, na ufagio wa chelewa. Kisha, tukiwa tumeshasimama kuondoka, akanyoosha kidole kwenye mwembe ulio katikati ya ploti, unaoanza kutoa maua, akauliza: "Na huyu, ambaye kila Desemba huwamwagia maembe kuanzia alfajiri, mtamfunga mpira?"

Mwenyekiti ameliweka kwenye ajenda ya mwezi ujao.